Njia ya Tembo Chini ya Lami

Tarehe 1 Januari 2011, tembo dume aitwaye Tony alipita katika kivuko kilicho chini ya barabara kuu ya Nanyuki–Meru huku magari yakipita juu yake. Kivuko hicho kilikuwa kimekamilika mwishoni mwa 2010. Picha zake zilisambaa, na zilistahili. Lakini anayetazama zege peke yake hataelewa kilichofanya mradi huu ufaulu.

Kazi kubwa ilikuwa ardhi. Kati ya misitu ya Mlima Kenya na nyanda kavu za kaskazini, mashamba makubwa na lami vilikuwa vimekata njia ya kale ya tembo. Tembo hawakuacha kusafiri: walivunja nyua, wakakanyaga ngano, wakavuka barabara kwa hatari yao na ya madereva. Ndipo ukatengwa ushoroba wa takriban kilomita 14, sehemu yake ikimegwa kutoka mashamba ya Marania na Kisima. Wenye mashamba wasingekubali, mhandisi asingekuwa na pa kuchimba.

Kisha uzio wa umeme, pande zote mbili. Unamkinga mkulima na papo hapo unamwongoza tembo hadi kwenye mdomo wa kivuko. Waya ukikatika mahali pamoja tu, tembo ataingia shambani. Kukagua uzio, basi, ni kazi isiyo na likizo.

Jambo lisemwalo kidogo ni mimea. Ukishuka kutoka mlimani unafika Msitu wa Ngare Ndare, wenye mitarakwa na mizeituni mwitu, mingine ikikadiriwa kuwa na miaka 200. Hapo tembo hupata kivuli, magome, matawi na maji ya chemchemi kabla ya kuendelea hadi hifadhi ya wanyama ya Lewa. Naye hulipa: mbegu alizokula huziangusha mbali na mti mama, zikiwa ndani ya kinyesi chenye rutuba. Ukikata mizeituni hiyo ukapanda mikaratusi, picha ya setilaiti itaonyesha kijani kilekile, ila tembo hatakuwa na sababu ya kupita. Miradi mingi ya upandaji miti huhesabu miche bila kuuliza ni miche ya mti gani, na hilo ni kosa kubwa.

Mwaka 2013 UNESCO ilipanua eneo la Urithi wa Dunia la Mlima Kenya, lililoorodheshwa 1997, likajumuisha Lewa na Ngare Ndare. Kinachoyaunganisha maeneo hayo na mlima ni ukanda huo uliomegwa mashambani.