Presha ya oili ya Beetle haiponywi kwa springi

Taa ya oili ya Volkswagen Beetle ikianza kumeta kwenye foleni, mafundi wengi hukimbilia springi ya vali ya presha. Wataivuta irefuke au kuitilia washa, kisha mwenye gari akabidhiwe funguo. Kazi hiyo haitibu ugonjwa, na yaweza kupasua kipoza oili.

Springi huweka kikomo cha juu tu. Injini ikiwa moto na haijakanyagwa mafuta, presha huwa ndogo kiasi kwamba vali imekwisha kujifunga. Kuikaza hakuongezi kitu. Vya kuchunguzwa ni oili, pampu na uwazi wa beringi, na vali yenyewe ikiwa imenasa.

Tazama Beetle moja ya 1967, injini ya 1500. Kwanza ilitolewa swichi ya taa, karibu na distribyuta, kwa sababu swichi mbovu hutisha bure. Mahali pake ikafungwa geji. Kwa oili ya SAE 30 yenye nyuzi 70, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, presha isipungue bar 2. Geji ilionyesha 1.2.

Vali iko chini ya injini, kando ya pampu. Kizibo kilipofunguliwa, springi ilitoka lakini pistoni ndogo ikabaki, imenasa chini. Hapa ndipo penye siri. Ikinasa chini, sehemu ya oili hurudi ilikotoka bila kupita kwenye kipoza, ikazidi kupata moto na kuwa nyepesi. Ikinasa juu, oili nzito ya asubuhi husukumwa yote kwenye kipoza mpaka kivuje. Pistoni ilitolewa, mikwaruzo ikalainishwa kwa msasa laini, na geji ikapanda hadi 1.6.

Iliyobaki ilikuwa pampu. Gia zilikuwa zimechimba mfuniko wake, na uwazi kati yao haupaswi kuzidi milimita 0.1. Mfuniko ulisuguliwa juu ya kioo hadi ukanyooka, ukarudishwa na gasketi nyembamba; gasketi nene ingerudisha uwazi uleule. Presha ikafika 2.1, taa ikatulia.

Hata hivyo injini hii haina filta, ina wavu tu na oili lita 2.5. Uchafu uliokwaruza pistoni umepita pia kwenye beringi. Geji ikishuka tena chini ya 2 wakati pampu na vali ni nzima, beringi zimelika, na injini ifunguliwe.