Kisu cha Kukunja na Mizani ya Hukumu

Kisu ni chombo kidogo, lakini hapana chombo kionyeshacho upesi zaidi tofauti iliyopo baina ya kusifu na kuhukumu. Mtu akipewa kisu kipya hukipangusa, hukifungua, hukitazama kinavyomeremeta, kisha husema, "Kizuri." Hiyo ni sifa, hukumu bado. Mwenye kuhukumu hujiuliza maswali mawili kabla ya kufungua kinywa: Chombo hiki kimeahidi kufanya nini? Na mwenyewe atakitumia kwa kazi gani? Katika insha hii, msomaji, nataka tukitie kisu cha kukunja katika mizani ya maswali hayo, kwa sababu ndiyo maswali utakayoyahitaji siku utakapoambiwa upime shairi, hadithi au hotuba.

Tuanze na umbo lake. Kisu cha kawaida ni kipande kimoja cha chuma ambacho mkia wake umezama ndani ya mpini. Nguvu za mkono hupita humo bila ya kizuizi mpaka kwenye ncha. Kisu cha kukunja, kwa upande wake, ni kisu kilichovunjwa kwa makusudi. Pale pale nguvu zipitapo fundi amekata, akatia msumari, akafanya bawaba. Faida aliyoipata si haba: makali yamelala ndani ya mpini, ala haihitajiki, mfuko hautoboki, na paja la mwenyewe limesalimika. Lakini faida hiyo ina bei yake. Bawaba ni dhaifu kuliko chuma kizima. Huingiwa na vumbi na mafuta, nayo hulegea kadiri miaka ipitavyo. Tena visu vingi vya namna hii hutaka mikono miwili kuvifungua.

Huku Chewele, katika nchi ya Mto Tana, bei hiyo hulipwa kila siku. Nyikani kuna wafugaji na mifugo yao. Kando ya mto kuna wakulima wa migomba, mahindi na maembe. Nilimwomba mfugaji mmoja mzee, Muorma, rai yake juu ya kisu changu cha kukunja. Alikigeuzageuza, akanirudishia, akaniuliza, "Mwalimu, ndama akinaswa shingo na kamba, mkono wako mmoja umemshika asijinyonge. Huo wa pili utakifunguaje kisu hiki peke yake?" Sikuwa na jibu. Yeye kisu chake hakikunjiki. Kimo katika ala ya ngozi kiunoni, na hukichomoa kwa mkono mmoja kabla ya mtu kumaliza kupepesa macho. Kwake yeye, nukta ile ya kuhangaika na bawaba yaweza kuwa thamani ya ndama.

Siku nyingine nilimwuliza mkulima wa maembe, Mpokomo, mtu wa makamo. Huyu alikisifu kisu chake cha kukunja kama mtu amsifuye rafiki. Huketi nacho mtumbwini bila ya kumchoma ubavuni, hukimenyea embe, hukikatia kamba, na watoto wake hawawezi kukichomoa kwa mzaha akiwa amelala. Lawama yake ilikuwa moja tu: mpini ni wa mti, nao ukirowa maji hufura, ukakibana chuma hata kisifunguke mpaka ukauke juani.

Mwanafunzi mwenye haraka atauliza, "Basi, ni nani kati yao aliyesema kweli?" Wote wawili. Hawakuhitilafiana juu ya kisu, bali juu ya kazi. Kazi ya mmoja huja ghafula. Kazi ya mwingine humngoja. Maoni ya wenye vyombo ni ushahidi mkubwa, lakini ushahidi hausikilizwi barabara mpaka ujue shahidi alikuwa amesimama wapi.

Twende sasa kwenye chuma. Hapa pia fundi hawezi kupata yote. Akikifanya kigumu sana, makali yatadumu, lakini kikipindwa kitavunjika kama kigae. Akikifanya laini, hakitavunjika, bali kitakuwa butu upesi. Bapa likiwa jembamba, hukata nyama na matunda kwa wepesi. Likiwa nene, hustahimili kazi nzito, ila hupasua embe badala ya kulikata. Kisha pana kutu. Chuma cha pua cha zamani hunoleka kwa urahisi, lakini hushika kutu, na maji ya embe au ya ndimu hukitia weusi. Katika mwaka 1913, mjini Sheffield katika Uingereza, Harry Brearley alitengeneza chuma kilichochanganywa na kromiamu ambacho hakishiki kutu upesi. Ulimwengu ukashangilia, na kwa haki. Walakini vingi katika visu vya kwanza vya chuma hicho vililaumiwa kwa kuwa havikushika makali vizuri.

Tazama basi jinsi mafundi watatu walivyochagua. Joseph Opinel, wa Savoie katika Ufaransa, alianza kutengeneza kisu chake mwaka 1890: bapa jembamba, mpini wa mti, msumari mmoja, basi. Kilikuwa rahisi na chepesi, lakini hakikuwa na komeo. Pete ya kukizuia kisijifunge iliongezwa mwaka 1955. Huko Uswisi, Karl Elsener alipata hataza mwaka 1897 kwa kisu cha maofisa ambacho kamani zake zilishika vyombo pande zote mbili za mpini. Mtu akapata kisu, kizibuo na bisibisi katika kiganja kimoja. Ni werevu wa ajabu. Lakini kila chombo kilichoongezwa kimeunenepesha mpini, na mkono uliofanya kazi kutwa huujua unene huo.

Wa tatu ni Okapi, aliyeitwa kwa jina la mnyama wa misitu ya mashariki ya Kongo. Kisu hiki kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani ya Afrika, na tangu mwaka 1988 kimetengenezwa Afrika Kusini. Mpini wake ni wa mti uliopambwa kwa alama za mwezi na nyota. Ukikifungua, menomeno yake hulia "ta, ta, ta" mpaka kikaze. Ukitaka kukifunga, sharti uvute pete iliyo mgongoni. Ni chombo kisichojivuna, na komeo lake laonekana wazi kwa macho. Lakini menomeno yakilika au yakijaa mchanga, komeo hilo halistahili tena kuaminiwa.

Juu ya komeo nina haki ya kusema, maana kovu la kidole changu cha shahada ni shahidi. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu nilikuwa na kisu kidogo kisicho na komeo. Usiku mmoja nilikitumia kutoboa ubao ili nitengeneze kifaa cha kufundishia hesabu. Nilikisukuma kwa ncha. Kikajikunja, kikanifikia mfupa. Wiki nzima nilikitukana kile kisu kwa kila aliyenisikiliza. Ilinichukua miaka kukiri kwamba hakikunidanganya. Hakikuahidi kutoboa, kiliahidi kukata. Mimi ndimi niliyekidai deni nisilolikopesha.

Lakini lau kingekuwa na komeo, na komeo lile likaachia, hukumu yangu ingekuwa nyingine. Kisu kisicho na komeo humwonya mwenyewe awe na hadhari. Kisu chenye komeo bovu humwambia mkono aamini, kisha humsaliti. Katika vyombo, kama katika maneno, upungufu ulio wazi husameheka. Ahadi ya uongo haisameheki.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Mchunga ng'ombe wa nyika hii na achukue kisu kisichokunjika pamoja na ala yake. Mtu wa shamba na mtu wa mtumbwi, ambao kazi yao huwangoja, kisu cha kukunja chawatosha, maadamu kina komeo la kweli na husafishwa mchanga kila jioni. Wewe uliye shuleni huna haja nacho darasani, na sheria ikikukataza kukileta huko yafaa uitii. Lakini nyumbani mwombe mzee wako akuonyeshe chake, umwulize kwa nini alikichagua.

Kisha rudi kwenye vitabu vyako. Utakuta shairi fupi linalolaumiwa kwa kutokuwa utenzi, na hadithi ya kuchekesha inayolaumiwa kwa kutokuliza. Hizo ni lawama za mtu aliyetoboa ubao kwa kisu cha kukatia. Kabla ya kulaumu, tafuta ahadi ya mwandishi; ukiiona, mshike nayo barabara, wala usimwachilie.