Sevisi, Matunzo na Matengenezo: Uhakiki wa Istilahi za Gereji

Kila msomaji wa jarida hili anaufahamu usemi wa wahenga kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, mtafsiri anayetakiwa kuandika kwa Kiswahili juu ya utunzaji wa gari kuukuu hugundua upesi kwamba neno tulilozoea kumpa halitofautishi kuziba ufa na kujenga ukuta. Mambo yote mawili huitwa "matengenezo". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kasoro hiyo, pamoja na nyingine za jamii yake, ina gharama kwa mwananchi, na wakati mwingine ina hatari.

Mifano yetu tumeichota katika gereji za Sinza, jijini Dar es Salaam. Sinza, kama Kijitonyama na Mikocheni, ni miongoni mwa maeneo yaliyopimwa viwanja katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma. Leo, katika mitaa inayotokea Barabara ya Shekilango, mafundi hufanya kazi chini ya miti na mabanda ya mabati, na magari mengi wanayoyahudumia yalinunuliwa Japani yakiwa yamekwisha kutumika miaka kadhaa.

Hali ya magari hayo yastahili kuangaliwa na mtu wa lugha. Kitabu cha maelekezo, kama kimo garini, kimeandikwa kwa Kijapani. Maandishi ya kopo la oili na ya boksi la spea ni ya Kiingereza. Fundi na mwenye gari huzungumza Kiswahili. Kwa hiyo, kwa wenye magari wengi, maneno ya fundi ndiyo kitabu cha pekee cha maelekezo walicho nacho. Neno likipotosha, hakuna ukurasa mwingine wa kulisahihisha.

Tuanze na "sevisi". Kwa fundi wa Sinza, kufanya sevisi ni kumwaga oili chafu na kutia mpya, kubadili filta, kusafisha chujio la hewa, na kukagua plagi, mikanda na breki. Gari lenyewe huwa zima. "Kutengeneza" huja baada ya kitu kuharibika. "Oveholi" ni kuifungua injini yote na kuirudishia upya. Hizo ni dhana tatu zenye mipaka iliyo wazi, na kila moja ina bei yake.

Mtafsiri wetu huyafuta maneno hayo kwa sababu ni ya mkopo, na mahali pake pote huandika "matengenezo". Matokeo yake yaonekana maofisini. Waraka unaosema kwamba gari "litafanyiwa matengenezo kila baada ya kilomita 5,000" husomeka kana kwamba gari hilo linatazamiwa kuharibika kila baada ya kilomita 5,000. Mhasibu anayeona fungu la matengenezo ya gari lisilo na ubovu ana haki ya kuuliza limetengenezwa nini. Fungu likikatwa, oili haibadilishwi; na oili isipobadilishwa, ofisi hiyo hiyo hurudi baadaye kuomba fungu kubwa zaidi la oveholi. Neno moja lililobeba dhana mbili limekwisha kutia hasara.

Wala si kweli kwamba Kiswahili hakikuwa na dhana hii. Waunda vyombo wa pwani walikalafati mianya ya mbao kwa pamba na mafuta, na kupaka deheni tumboni mwa chombo kilipopandishwa ufukoni. Nahodha mwenye busara hakungoja maji yajae ngamani ndipo aagize deheni. Neno "usukani" limekwisha kuhama kutoka chomboni hadi garini bila ya mtu kulalamika, kwa kuwa kazi ni ile ile. Hatupendekezi kwamba gari nalo likalafatiwe. Tunasema tu kwamba lugha iliyotofautisha kukinga na kutibu baharini haiwezi kushindwa kufanya hivyo barabarani. Pendekezo letu ni kwamba "matunzo" liwe istilahi ya kazi za kukinga, "sevisi" likubaliwe kuwa kisawe chake, na "matengenezo" libaki kwa kitu kilichoharibika.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, na hapa neno la mkopo halina hatia. Twazungumzia "mafuta ya breki". Neno "mafuta" katika Kiswahili limebeba petroli, dizeli, mafuta ya taa, ya kupikia na ya kujipaka. Kitu kinachotiwa katika mfumo wa breki si mojawapo ya hayo. Aina zinazotumika sana, DOT 3 na DOT 4, hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glikoli. Mtu akiongeza oili ya injini kwa kudhani kwamba mafuta ni mafuta, mipira iliyomo katika mfumo huvimba na breki zaweza kushindwa kabisa.

Aidha, kimiminika hicho hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 iliyo mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Sentigredi. Ikiisha kunyonya maji, kiwango chake cha chini hushuka hadi nyuzi 140. Ikichemka, mvuke hukaa ndani ya mabomba na pedali huzama chini ya mguu wa dereva. Ndiyo sababu hushauriwa kubadilishwa, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama haijapungua. Jina "mafuta" halimwambii mwenye gari jambo hilo, kwani mafuta kama anavyoyajua huongezwa yakipungua. "Maji ya breki" ni baya zaidi, kwa kuwa maji ndiyo hasa yanayokiharibu.

Tunapendekeza "kiowevu cha breki". Tunakiri kwamba neno hilo lanukia darasa la kemia, na kwamba mafundi wawili tuliowatajia walicheka. Lakini neno geni humfanya msomaji aulize, ilhali neno analolizoea vibaya humpa jibu la uongo kabla hajauliza.

"Maji ya rejeta" yana kasoro ya namna hiyo. Anayeambiwa maji hutia ya bomba, na maji matupu huleta kutu na ukoko katika njia za injini. Kulanti huzuia kutu na huchelewa kuchemka. Afadhali neno "kulanti" likae katika orodha zetu, kuliko "maji" yanayowafaa watu wa lugha na kuiumiza injini.

Kuna tena thamostati. Baadhi ya mafundi huing'oa na kuitupa, na mmoja alitueleza sababu kwa ufasaha: "Kinazuia maji." Ni kweli, huyazuia hadi injini ipate joto, halafu hufunguka. Ikitolewa, injini huchelewa kupata joto lake, hula petroli zaidi na husagika upesi. Jina la kigeni halikumwambia fundi huyo kazi ya kifaa. Hapa, tofauti na kulanti, istilahi ya Kiswahili ingefaa, na "kirekebishajoto" laeleza kazi hiyo waziwazi.

Msomaji ataona kwamba hatukutumia kipimo cha asili ya neno. Hata sisi wa madawatini tumewahi kutaka kuliondoa "shokomzoba" na kuweka fungu refu la maneno lenye kufyonza na mshtuko ndani yake. Huko gereji hakuna aliyepotoshwa na shokomzoba, kwa hiyo hapakuwa na ufa wa kuziba.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na orodha zake za Tafsiri Sanifu zimewasaidia watafsiri wengi. Ingefaa sasa kila orodha ya istilahi za ufundi isomwe gerejini kabla ya kusanifiwa, mbele ya fundi, mwalimu wa ufundi stadi na mwenye gari, na kila mmoja aulizwe swali moja: ukiambiwa neno hili, utafanya nini? Fundi akijibu kwamba atatia oili ya injini katika breki, istilahi hiyo ifutwe, hata ikiwa ni ya Kibantu safi.

Tunawaomba walimu na watafsiri walio karibu na gereji, za Sinza na za kwingineko, watuletee majibu ya swali hilo.