Ted Chiang na Mkusanyo Unaongojwa

Ted Chiang, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1967, hakujipatia sifa kwa riwaya bali kwa hadithi fupi tu. Hadithi yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1990. Mkusanyo wa kwanza, Stories of Your Life and Others, ulitoka mwaka 2002 ukiwa na hadithi nane. Wa pili, Exhalation, ukatoka mwaka 2019 ukiwa na hadithi tisa. Kati ya kitabu na kitabu ilipita miaka 17, na jumla ya hadithi zenyewe ni 17 vilevile. Basi aungojaye mkusanyo wa tatu hana budi kuwa na subira, wala haifai kumlaumu mtungaji kwa kukawia. Mwaka 2003 alikataa hadithi yake moja ishindanishwe kwa tuzo ya Hugo, kwa kuwa aliona aliimaliza kwa kuharakishwa, isiwe kama alivyotaka. Watungaji wa tabia hiyo ni wachache.

Lakini lililo muhimu kwa mhakiki si siku ya kutoka kwa kitabu, bali namna ya kitabu kitakachotoka. Jibu lake lafaa litafutwe katika hadithi mbili za mkusanyo wa pili.

Ya kwanza, ya mwaka 2007, ni ya mfanyabiashara wa Baghdad anayemsimulia khalifa habari za mlango upitishao watu katika miaka iliyopita na ijayo. Msomaji aliyelelewa kwa Alfu Lela Ulela hatajiona mgeni humo, maana hekaya huzaa hekaya. Mfanyabiashara hawezi kumwokoa mkewe aliyekwisha kufa. Anachopata ni ujumbe tu wa maneno yake ya mwisho. Halibadiliki jambo hata moja, na hata hivyo moyo wake unatua. Kadari imeelezwa hapo kwa upole usio wa kawaida katika hadithi za sayansi.

Ya pili, ya mwaka 2013, yamhusu Jijingi, kijana wa Wativ wa Nigeria, anayefundishwa kusoma na mmisionari. Wativ wa hadithi hiyo wana maneno mawili ya ukweli: vough, yaani kilicho sahihi kwa kipimo, na mimi, yaani kilicho haki kwa watu (sikio la Mswahili litashtuka kidogo kwa neno hili). Jijingi anamletea mzee Sabe karatasi ya Wazungu inayopinga nasaba aliyoitaja mzee. Anakemewa, na kemeo linamchoma kwa kuwa lina haki ndani yake. Wahakiki wa fasihi simulizi wameandika kurasa nyingi juu ya jambo hili bila kulifikisha hapo.

Si hadithi zote zilizofikia daraja hiyo. Ile ndefu ya mwaka 2010, ihusuyo viumbe wa kompyuta wanaolelewa kama watoto, mara nyingi huwa majadiliano yaliyovikwa majina ya watu.

Hapo ndipo penye hofu. Katika jarida la The New Yorker, Februari 2023, Chiang alizifananisha programu zitungazo maandishi na nakala ya picha iliyofifia. Agosti 2024 akadai kwamba sanaa ni tunda la kuchagua mara nyingi mno, na kwamba programu hizo hazichagui hivyo. Insha hizo zina nguvu, lakini ndani yake mwandishi amekwisha kuhukumu. Hadithi ya Jijingi haikuandikwa hivyo: karatasi ilipewa haki yake, na mzee akapewa yake. Kama mkusanyo wa tatu utagusa mashine hizo, na ni vigumu kuona utaziepukaje, msomaji atatazama kwanza kama mpinzani wa Chiang amepewa kiti cha Sabe, au ameitwa barazani kusudi ashindwe.