Ridhaa ya Mtazamaji katika Filamu za Kifantasia za Ray Harryhausen

Mvuto wa kudumu wa filamu kongwe za kifantasia aghalabu huelezwa kuwa ni hamu ya utoto uliopita. Maelezo hayo hayatoshi, kwani hayawahusu watazamaji waliozaliwa katika enzi ya picha za kompyuta. Katika pambano la mwisho la Jason and the Argonauts (1963), filamu iliyoongozwa na Don Chaffey, watu 3 wanapigana na viunzi 7 vya mifupa. Harryhausen alivisogeza vinyago hivyo kwa mkono, picha moja baada ya nyingine, kwa zaidi ya miezi 4. Mwendo wake una mkatiko mdogo unaofichua kwamba ajabu hiyo imeundwa. Hata hivyo, taharuki haipungui. Utambaji wa ngano unaeleza sababu. Hadhira inayoitikia “Pakawa!” inajua fika kwamba zimwi halipo, itiko lake ni ridhaa, wala si dalili ya kudanganyika. Filamu inayotegemea udanganyifu kamili huchakaa udanganyifu huo unapogunduliwa. Inayotegemea ridhaa haina cha kugunduliwa, na kwa hiyo hudumu.