Pamba Haichambuliwi Shambani: Kopo la Vianzio na Daftari la Kimali

Kopo lenyewe lilikuwa la Kimbo, la kilo moja, limeshabanduka lebo. Ndani yake nilitia vikaratasi nilivyokata kutoka stakabadhi za zamani za mauzo ya pamba, na nyuma ya kila kimoja nikaandika maneno machache: "Mwiba uliovunjikia mguuni." "Aliyekalia ndoo yangu." "Mizani ya chama inavyolia." Kila alfajiri, kabla sijasalimiana na mtu, nachomoa kimoja bila kuchagua, natega simu dakika 10, naandika mpaka ilie. Sifuti, sirudi nyuma, sisaki neno zuri. Neno likigoma naandika "limegoma" na kusonga mbele.

Mbinu nzima ni hiyo, na si yangu. Dorothea Brande, mwandishi wa Marekani, aliwashauri wanaojifunza uandishi tangu mwaka 1934 waamke mapema kuliko kawaida na waandike kabla ya kuzungumza na mtu au kusoma chochote. Mwaka 1973 mwenzake Peter Elbow akaweka sharti la dakika 10 bila kusimama. Hoja ya Elbow ni kwamba mwandishi anayekwama huwa anafanya kazi mbili kwa mkono mmoja: anatoa maneno na papo hapo anayahukumu.

Huku Kimali, wilayani Meatu, hoja hiyo haihitaji profesa. Pamba huvunwa na mbegu zake, hupelekwa kwenye mizani na mbegu zake, na hufika kiwandani na mbegu zake. Huko ndiko inakochambuliwa, na nyuzi zinazotoka ni kama theluthi tu ya mzigo. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni mbegu, nazo zinakwenda kwenye mafuta na mashudu. Hakuna mkulima anayekaa katikati ya mistari ya shamba akitoa mbegu moja moja kwa kucha. (Mfano wangu una tundu, nakiri: pamba fifi hutengwa na pamba safi mapema, mikononi mwa mvunaji. Lakini kutenga si kuchambua.)

Kilichonishughulisha ni jambo jingine. Kwa nini vikaratasi vingine vilijaza ukurasa na vingine viliniacha natazama paa?

Nilifanya jaribio la makusudi. Niliandika vianzio viwili kuhusu kitu kilekile. Cha kwanza nilikiazima darasani, kama insha tulizoandika sote: "Umuhimu wa pamba." Asubuhi kilipotoka nilipata hivi:

"Pamba ni zao muhimu sana katika mkoa wetu. Pamba humpatia mkulima kipato. Pia pamba huipatia serikali fedha za kigeni. Pia pamba"

Hapo basi. "Pia" ya pili ilinimaliza, na dakika nane zilizobaki nilijaza kwa "limegoma". Siku nyingine ikatoka ile ya mizani, na haya ndiyo yaliyotoka, kama yalivyo:

"inalia kama mlango wa zizi, karani hatazami mshale anatazama uso wa baba, baba naye anatazama mshale, mimi natazama viatu vya karani vina vumbi jekundu na mbuga yetu yote ni udongo mweusi, sasa katoka nalo wapi, limegoma limegoma, gunia la mwisho lilikuwa la mayu tulilisahau nyumbani"

Hakuna nukta, mlango wa zizi ni tamathali ya kivivu, na mhariri angeurusha ukurasa huu dirishani. Lakini tazama "sasa katoka nalo wapi". Swali hilo sikulipanga. Lilizaliwa kwa sababu kianzio kilinipa sikio, sikio likavuta jicho, jicho likashuka mpaka kwenye viatu. Kisha likaja gunia la mama, ambalo sikuwahi kulikumbuka kwa miaka mingi. Neno "umuhimu" haliwezi kufika huko. Umuhimu unauliza kitu ambacho jibu lake limeshawekwa ghalani tangu darasa la sita, na akili inakwenda ghalani, inachukua, inarudi, imemaliza kazi. Mizani inayolia haina jibu ghalani.

Tangu hapo nilipepeta kopo lote. Kilichobaki ni vianzio vyenye kitu cha kushika au kusikia, na mara nyingi vyenye mtu mwingine asiye mimi. "Furaha ni nini?" niliitupa. Orodha niliyoiokota kwenye simu niliitupa karibu yote. Ilinitaka nieleze siku ya kwanza ya theluji, na mimi theluji ninayoijua ni ile ya friji ya duka la soda. Kikaratasi kimoja kilinitia hasara kweli: "Barua kwa aliyefariki." Kilitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, niko peke yangu na koroboi. Niliandika kurasa tatu, zikawa nzuri kuliko zote, na wiki mbili zilizofuata sikuligusa kopo. Kianzio kizito kinaandikisha vizuri siku moja na kukutia woga siku kumi. Anayetaka mazoea avihifadhi vya namna hiyo mahali pengine, avifuate kwa hiari yake akiwa tayari.

Hilo la wiki mbili ndilo lililonionyesha kwamba nilikuwa nimechanganya mambo mawili. Kianzio kinakuondoa kwenye ukurasa mweupe leo. Kukurudisha kesho ni kazi nyingine, na kopo haliiwezi.

Jibu lilikuwa karibu sana na nyumbani. Wasukuma wana vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo masimulizi yanaviunganisha na waasisi wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, kuanzia Juni hivi hadi Agosti, makundi ya pande mbili hukutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Watazamaji hupiga kura kwa miguu: wanahama kutoka duara hili kwenda lile, na penye watu wengi ndipo penye ushindi. Manju wa ngoma kama hiyo hawezi kutegemea nyimbo za mwaka jana. Vianzio vyake vinatoka nje yake mwenyewe, kwenye kejeli ya wapinzani, habari ya kijiji, bei ya pamba. Lakini hata siku asipopata kianzio, uwanja upo, tarehe inakuja, na mahasimu hawalali. Washairi wanaojibizana magazetini wanaishi kwa sharti la jamaa moja na hilo: mwenzio ametunga, umepewa vina na mizani, sasa jibu.

Mimi nilikuwa na kopo bila uwanja. Nikamtafuta hasimu, binamu yangu aliyeko Mwanhuzi, mtani ambaye hajawahi kuniachia nafasi ya kupumua. Kila Jumapili jioni tunatumiana ujumbe wa sauti, kila mmoja anasoma ukurasa mmoja wa wiki, na mwenye kurasa chache anamtumia mwenzake vocha. "Kaka," aliniambia mara ya kwanza, "hiki umeandika au umechora?" Sijawahi kurudi kwenye mapengo ya wiki mbili. Wakati wa palizi, Januari, mikono ikiwa imevimba kwa jembe, tulikubaliana kushuka hadi mistari mitano. Kupunguza kipimo kuliokoa mazoea. Kushikilia dakika 10 kungeyaua, nina hakika.

Kuna jambo la lugha pia. Ndani ya dakika 10 Kisukuma kinaingia bila hodi, kama lile "mayu" hapo juu. Mwanzoni nilikuwa nasimama kutafuta Kiswahili chake, na kusimama huko ndiko kuchambua pamba shambani. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945 kwa Kikerewe. Kiswahili chake alikitia baadaye kwa mkono wake mwenyewe, na kitabu kikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Hakuwa mwandishi wa dakika 10, na sidai hivyo. Ninachochukua kwake ni ule mpangilio: lugha iliyo karibu na mdomo kwanza, lugha ya wasomaji baadaye.

Kuchambua nafanya mwisho wa mwezi, mchana, kwa kalamu nyekundu. Napigia mstari sentensi zisizonitia aibu, na ni chache. Ukurasa wa mizani ulitoa mbili tu, ya viatu na ya gunia. Zile nyingine nimeziacha daftarini na mbegu zake.

Jana kimetoka kikaratasi nilichokwisha kukiandikia Machi: "Ufunguo wa ghala uko kwa nani?" Safari ile niliandika kuhusu ghala. Safari hii mkono umekwenda moja kwa moja kwa yule karani.