Kuiachisha Injini Sumu

Mjomba hawashi pampu kwa pupa. Huifungulia kwanza petroli kidogo kutoka kwenye chupa iliyofungwa kwa waya, huvuta kamba, na mashine hulia kwa sauti nyembamba ukingoni mwa mto. Tunasubiri. Ekzosi ikishapata moto sawasawa anageuza koki, mlio unanenepa, na maji ya Tana yanazidi kupanda kuelekea migombani. Kuanzia hapo, injini iliyoundwa kwa petroli inakunywa mafuta ya taa.

Hapa Chara watu husema amebadili mafuta, kana kwamba alimwaga haya akatia yale. Mimi niliyemshikia spana msimu mzima najua alichohangaikia. Mafuta ya taa ni mvivu kugeuka mvuke, ndiyo maana alizungusha kijibomba cha shaba kwenye ekzosi ili yapate joto kabla ya kufika kwenye kabureta. Tena hayavumilii kubanwa. Yakibanwa kama petroli huripuka kabla ya wakati wake na pistoni hugonga kama nyundo, basi akakata gasketi nene zaidi ya silinda hedi kupunguza mbano. Matone yasiyoungua hupenya kando ya ringi yakashuka kuizimua oili, kwa hiyo kila jioni huchomoa kijiti cha kupimia, akainusa.

Taabu yote hiyo ilitokana na jerikeni moja ya petroli iliyoshika moto ndani ya mtumbwi. Ngozi ya mkono wake wa kushoto inang'aa mpaka leo. Mvuke wa petroli hudaka cheche hata kwenye baridi ya barafu. Wa mafuta ya taa hungoja yapate joto la nyuzi 38 au zaidi. Katika tofauti hiyo mjomba aliona nafasi ya mtu kuokoka.

Ukishuka kutoka kwetu hadi baharini unakutana na Ghuba ya Ungwana. Upande wa kusini wa ghuba hiyo hiyo, Ngomeni, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya San Marco na Santa Rita juu ya maji, na kati ya 1967 na 1988 wakarusha setilaiti kutoka pale. Moja ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, ikaitwa Uhuru. Roketi zao, Scout, zilisukumwa na mafuta magumu, na mafuta ya namna hiyo yakishamiminwa yakaganda ndani ya ganda lake hayana mjadala tena. Zinazobadilishwa chakula ni zile za mafuta ya majimaji, na humo ndimo ninamowaona ndugu wa mjomba.

Redstone ya Marekani ilizaliwa ikinywa pombe iliyozimuliwa kwa robo ya maji, pamoja na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, nyuzi 183 chini ya sifuri. Ilipotakiwa nguvu zaidi, Mary Sherman Morgan wa kampuni ya Rocketdyne alibuni mchanganyiko ulioitwa Hydyne, na huo ndio ulioisukuma roketi iliyopeleka setilaiti ya Explorer 1 angani tarehe 31 Januari 1958. Lakini Hydyne ni sumu. Zamu ya kumpandisha binadamu ilipofika, Redstone ikarudishwa kwenye pombe. Usalama huo ulikuwa na gharama yake: moto uliwaka muda mrefu zaidi, na vile vibapa vya grafaiti vinavyokaa katikati ya mkia wa moto ili kuuelekeza vikawa katika hatari ya kuliwa. Ikabidi vichaguliwe kwa uangalifu mkubwa. Tarehe 5 Mei 1961 Alan Shepard akapanda nayo, akarudi mzima.

Niliposoma habari ya vibapa vile nilikiona kijibomba cha shaba cha mjomba.

Ngumu kuliko hiyo ni kazi ya watu wanaozifufua injini kuukuu za makombora ya miaka ya 1950, kama Nike Ajax, yaliyotumia asidi ya nitriki inayofuka moshi mwekundu. Asidi hiyo ikikutana na mafuta ya jamii ya haidrazini huwaka papo hapo, bila cheche yoyote. Anayetaka injini ya aina hiyo inywe pombe na oksijeni ataona kwamba sumu ilikuwa ikimtumikia kimyakimya: ilikuwa kiberiti chake. Sasa atengeneze kiwashio kitakachowaka kabla vali hazijafunguka, kwa sababu kikichelewa hata kidogo mafuta hujikusanya ndani ya chumba cha moto, na mwako wa ghafla unaweza kukipasua. Asidi ni nzito kuliko oksijeni, basi vitundu vya kunyunyizia vilivyotobolewa kwa ajili ya moja haviifai nyingine. Watu hao hupitisha maji kwanza kwenye vitundu hivyo, kwa ndoo, mizani na saa, siku baada ya siku, kabla ya kuthubutu kuwasha. Kisha kuna usafi. Ndani ya bomba la oksijeni doa la grisi linaweza kushika moto, na mtu aliyekulia gereji, ambaye grisi ni sehemu ya vidole vyake, hana budi kuosha kila kiungo upya kana kwamba hakuwahi kukigusa. Nawaheshimu watu hawa kwa uvumilivu wao wa kuosha kuliko hata kwa roketi zao.

Jua linapoinama mjomba hurudi kwenye koki. Anairudishia injini petroli, mlio unakonda, naye anasimama akiinamisha kichwa mpaka ahakikishe kabureta imemaliza mafuta ya taa yote, maana yakibaki humo kesho haitawaka. Halafu anazima. Anachomoa kijiti, anakinusa, ananipa na mimi nikinuse.

"Unasikia?"

Nasikia. Oili imeanza kuwa nyepesi. Anaita iletwe nyingine.